Namna ya Kutengeneza Tafakari za Video kwa Simu: Mwongozo kwa Mchungaji Anayeanza

Wachungaji wenzangu wanaoniuliza kuhusu tafakari za video karibu wote huanza na swali la simu: wanunue ya aina gani, yenye kamera ya namna gani. Huwa nawaomba waliweke swali hilo kando kwa muda, wakae na mzee wa kanisa mmoja au wawili, na waandike majina ya watu kumi ambao wangependa wapate tafakari hiyo. Kando ya kila jina waandike mtu huyo huwa wapi asubuhi, anatumia simu ya namna gani, na bando lake linatosha kufungua nini. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua urefu wa video, saa ya kuituma na hata mahali pa kuirekodia.

Usharika ninaouhudumia uko milimani Usambara, na mtaa wetu wa mbali zaidi unafikiwa kwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Katika orodha yangu ya kwanza alikuwamo mama mjane mwenye simu yenye ufa kwenye kioo, fundi seremala aliyehamia Tanga, mwanafunzi wa chuo aliyeko Dar es Salaam, na binti wa mmoja wa wazee wetu anayefanya kazi za nyumbani Muscat. Binti huyo alinieleza kwamba husikiliza akiwa jikoni saa kumi na moja alfajiri kwa saa za kule, ambayo kwetu ni saa kumi, kabla wenye nyumba hawajaamka, simu ikiwa mfukoni mwa aproni na hedifoni sikio moja. Maelezo yake yalibadili utaratibu wangu wote. Tangu siku hiyo kila tafakari ninayoandaa inapaswa kueleweka hata kwa asiyetazama kioo, na inapaswa kuwa imefika tangu jioni iliyotangulia.

Andika kama unayetembelea nyumba

Kazi ya kichungaji inayofanana zaidi na tafakari ya video ni ile ya kuwatembelea washarika majumbani. Unapiga hodi, unakaribishwa, unaketi kwenye kigoda au kochi, mnajuliana hali, unasoma neno, unasema machache, mnaomba, unaaga. Hakuna mchungaji anayesimama katikati ya sebule ya mtu na kupaza sauti kana kwamba yuko mbele ya watu mia tatu, lakini wengi wetu tukiwekewa simu mbele hufanya hivyo hasa, kwa sababu sauti ya mimbarini ndiyo tuliyofundishwa na ndiyo tunayoiamini. Simu iko umbali wa mkono mmoja kutoka usoni mwa msikilizaji, tena mara nyingi yuko peke yake, na kwa umbali huo sauti ya mimbarini humfikia kama makaripio.

Mabadiliko ya kwanza yafanyike kwenye viambishi. Mimbarini tunasema "nawasalimu", "mnajua", "fungueni Biblia zenu". Kwenye tafakari sema "nakusalimu", "unajua", "kama una Biblia karibu, ifungue". Tatizo linalojitokeza mara moja ni salamu, kwa kuwa huyo "wewe" anaweza kuwa bibi wa miaka themanini ambaye unapaswa kumwamkia shikamoo, na anaweza pia kuwa kijana wa kipaimara. Mimi hutumia "Bwana Yesu asifiwe" kisha nakaa kimya kidogo, kama nafasi ya mtu kuitikia "Amina". Salamu hiyo haiulizi umri, na ukimya ule mfupi una kazi yake, kwani nimeambiwa na zaidi ya mmoja kwamba huitikia kwa sauti hata wakiwa peke yao.

Chukua mfano wa Luka 15:8, habari za mwanamke aliyepotewa na shilingi moja kati ya kumi. Rasimu yangu ya kwanza ilianza hivi: "Wapendwa katika Bwana, somo letu la leo linapatikana katika Injili kama ilivyoandikwa na Luka mtakatifu, sura ya kumi na tano, kuanzia mstari wa nane, ambapo tunajifunza mambo makuu matatu." Nilipoipima kwa saa, utangulizi ulimaliza nusu dakika kabla sijasema jambo lolote, na mambo makuu matatu yangehitaji dakika kumi na tano. Rasimu niliyorekodi ilianza hivi: "Bwana Yesu asifiwe. Juzi usiku umeme ulikatika nikiwa natafuta ufunguo wa ofisi uliodondoka sakafuni. Niliwasha tochi ya simu, nikapiga magoti, nikapapasa chini ya meza hadi nikaupata. Nikiwa pale chini nilimkumbuka yule mwanamke wa Luka 15, aliyewasha taa na kushika ufagio kwa ajili ya shilingi moja." Baada ya hapo nilisoma mstari wenyewe, nikasema jambo moja tu, kwamba aliyefagia hakuilaumu shilingi kwa kupotea, kisha nikaomba. Ilichukua dakika tatu na sekunde kumi.

Jambo moja kwa tafakari moja ni kanuni ninayoishika kwa nguvu, na najua ni ngumu kwa mtu aliyezoea kugawa mahubiri katika vichwa vitatu. Vichwa viwili vilivyobaki havipotei, kwa kuwa huandikwa daftarini kama tafakari za kesho na keshokutwa. Kwa mwendo wangu wa kawaida hutamka kama maneno 100 kwa dakika, hivyo maneno 300 hunitosha. Andika yote, yasome kwa sauti mara mbili, kila neno ambalo ulimi unajikwaa libadilishe, halafu uiache karatasi mezani. Anayesoma huku akitazama kamera huonekana macho yakitembea, na msikilizaji hulitambua hilo hata kama hawezi kulieleza. Kinachofaa kusomwa waziwazi ni Biblia. Iinue, ifungue mbele ya kamera, soma mstari wenyewe pasipo haraka.

Sauti kwanza

Tafakari zangu nne za kwanza nilizirekodi kanisani, kwa sababu niliona madhabahu ni mandhari ya heshima. Picha zilikuwa nzuri. Yule mama mjane wa kwenye orodha alinipigia simu akasema, "Baba mchungaji, nakuona vizuri, lakini sauti yako inatoka kisimani." Alikuwa sahihi, kwani kanisa tupu lenye sakafu ya saruji, kuta zisizo na pazia na paa la bati hurudisha kila neno mara nyingi kabla halijafa, na maiki ya simu iliyowekwa mita mbili mbele hupokea mwangwi huo pamoja na sauti yako bila kuchagua. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti isiyosikika huifanya tafakari nzima iwe kazi bure.

Dawa ni kuisogeza maiki karibu nawe. Ukisogea mbali mara mbili ya ulipokuwa, nguvu ya sauti yako inayofika kwenye maiki hushuka hadi kama robo, ilhali mwangwi wa chumba unabaki karibu vilevile. Maiki ndogo ya kubana kwenye shati, yenye waya, inatosha kabisa. Ibane upana wa kiganja kimoja chini ya kola, mbali na mnyororo wa msalaba, kwa kuwa msalaba ukigusana na maiki hutoa mkwaruzo ambao hauwezi kuondolewa baadaye. Kabla ya kununua angalia simu yako ina tundu la duara la hedifoni au ina tundu la chaji pekee, maana maiki nyingi za bei nafuu hutengenezwa kwa tundu la duara na zitahitaji kiunganishi. Kama huna maiki, waya wa hedifoni zilizokuja na simu una maiki yake ndogo, nayo ikipitishwa chini ya shati ikachomoza karibu na kola hufanya kazi kuliko watu wanavyodhani.

Kuna simu ambazo kamera yake haitambui maiki ya nje hata ikiwa imechomekwa, na hazitoi taarifa yoyote. Nilirekodi tafakari tatu asubuhi moja kwa namna hiyo na zote zilitoka na sauti ya mbali. Sasa kabla ya kuanza narekodi sekunde kumi, nakwaruza maiki taratibu kwa ukucha, kisha nasikiliza. Mkwaruzo ukisikika kwa nguvu, maiki inafanya kazi. Ukisikika kwa mbali, simu inatumia maiki yake ya ndani, na hapo najaribu programu nyingine ya kurekodia.

Kuhusu chumba, tafuta kilicho na vitu laini, kama chumba cha kulala chenye godoro, nguo zilizotundikwa na pazia zito, au ofisi ambayo umetandika zulia na kutundika blanketi nyuma ya kamera, mahali ambapo halitaonekana. Adui mkubwa wa huku kwetu ni mvua juu ya bati. Wakati wa vuli na masika huwa sitegemei kurekodi tafakari moja kila siku. Nikipata asubuhi kavu narekodi tatu au nne kwa mfululizo, nikibadilisha shati kati ya moja na nyingine. Jogoo na ng'ombe hawanisumbui, kwa sababu wanaonisikiliza wanaishi nao, na wale walioko mbali wameniambia kwamba sauti hizo huwakumbusha nyumbani.

Mwanga, kamera na vazi

Kaa ukitazama dirisha, simu ikiwa kati yako na dirisha. Dirisha likiwa nyuma yako, kamera itapima mwanga wa nje na uso wako utabaki kivuli. Jambo hilohilo hutokea ukikaa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kwa kuwa kamera hujaribu kusawazisha mwanga wa picha nzima, na weupe wa ukuta humfanya mtu mweusi aonekane mweusi asiye na sura. Chagua ukuta wenye rangi iliyotulia, au pazia, ukae mbele yake kwa hatua mbili. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu ili kamera ipime mwanga hapo, ushikilie kidole mpaka kipimo kifungwe, kisha urekebishe mwanga kidogo kama bado uso una giza. Kola nyeupe ya kichungaji inaweza kung'aa kupita kiasi ukishaongeza mwanga, na hapo ni afadhali kusogea nusu hatua kutoka dirishani kuliko kuutia uso giza tena.

Anayerekodi usiku atakutana na mistari inayotembea juu ya picha. Inatokana na taa: umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila macho kuona, na kamera inayochukua fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde haiendi sambamba nazo. Simu yako ikiruhusu, weka fremu 25 kwa sekunde na mistari hiyo itapungua au kuisha. Isiporuhusu, rekodi mchana kwa mwanga wa dirisha na uzime taa.

Yaliyobaki ni mafupi. Futa lenzi kwa kitambaa safi, kwa sababu simu inayokaa mfukoni huwa na mafuta ya vidole. Weka hali ya ndegeni ili simu isiite katikati ya sala. Simamisha simu kwenye stendi, au juu ya vitabu vilivyopangwa, hadi lenzi ilingane na macho yako, maana kamera iliyo chini hukufanya uonekane unamtazama mtu kwa juu, jambo ambalo halifai kwa mgeni. Itazame lenzi yenyewe, usijitazame kwenye kioo. Kama wengi wa orodha yako hutazama kwenye WhatsApp, rekodi kwa wima. Vazi liwe lile ambalo ungelivaa kwenda kuwatembelea. Kanzu ya ibada iache kwa ajili ya ibada.

Kukosea, kukata na kupunguza uzito

Ukikosea usizime kamera. Nyamaza, vuta pumzi, rudia sentensi nzima tangu mwanzo, kisha endelea. Ukimya huo utauona kama mstari bapa kwenye programu ya kuhariri na itakuwa rahisi kuukata. Programu za simu kama CapCut au InShot zinatosha, na kwa mwezi wa kwanza jifunze mambo matatu tu: kukata mwanzo na mwisho ambapo mkono wako unaonekana ukienda kwenye kitufe, kuondoa makosa, na kuandika sura na mstari kwenye kioo kwa herufi kubwa. Picha za mawingu, miale na njiwa wanaoruka ziache. Zinakula muda wako, zinaongeza ukubwa wa faili, na zinamvuta mtu atazame mapambo badala ya kusikia neno.

Muziki unahitaji uangalifu. Wimbo wa zamani wa kitabu cha nyimbo unaweza kuwa maneno yake hayana tena mwenye haki, lakini rekodi ya kwaya iliyouimba ina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda. Omba ruhusa ya maandishi, au waombe wanakwaya wako waimbe ubeti mmoja bila ala. YouTube hutambua rekodi za watu kwa mashine, na inaweza kuifungia sauti video yako au kuizuia kabisa.

Sasa ukubwa wa faili, jambo ambalo naomba ulichukulie kama suala la huruma. Video ya ubora wa juu wa simu ya kawaida inaweza kuzidi MB 100 kwa kila dakika. Ukiihifadhi baada ya kuhariri kwa ubora wa picha unaoandikwa 720p na kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, kila dakika itachukua takriban MB 15, yaani MB 45 kwa tafakari ya dakika tatu. Kundi la usharika lenye watu 200 likiipakua yote, jumla ni GB 9 za bando ambazo zimetoka mifukoni mwa washarika wako kwa siku moja. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 1.5 kwa dakika zilezile tatu. Kwa hiyo jioni ya kila tafakari hutuma vitu viwili: kwanza sauti, kisha kiungo cha video iliyoko YouTube, ili mwenye nafasi afungue na asiye nayo asikose chakula chake. Zaidi ya nusu ya wanaonijibu huwa wamesikiliza sauti, akiwamo binti wa Muscat.

Yale ambayo kamera haipaswi kuyachukua

Mchungaji anazo habari nyingi zenye nguvu ambazo si zake. Alichoelezwa katika ushauri wa kichungaji, kitandani kwa mgonjwa au ugomvini mwa ndoa hakipaswi kuingia kwenye tafakari hata kama majina yamefichwa, kwa sababu katika usharika mdogo watu wanne watamjua mhusika kabla video haijaisha. Mimbarini neno lingebaki kwa waliokuwapo. Video inasambazwa hadi kwa jamaa wa Dodoma na hairudishwi. Ukitaka kumtaja mtu kwa shukrani, mwoneshe video kwanza. Watoto wa shule ya Jumapili wasionekane bila idhini ya wazazi wao, na hapa sheria pia ina neno: tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama usharika unataka kufungua chaneli rasmi, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwanza, kwa kuwa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza mwaka 2018 zimebadilishwa zaidi ya mara moja, na ni vyema kujua zinadai nini kwa chaneli ya aina yenu.

Kuhusu fedha nina msimamo mkali. Usiombe sadaka ndani ya tafakari, wala usiweke namba ya simu ya kutumia pesa chini ya video. Matapeli huchukua picha ya mchungaji, hufungua akaunti kwa jina lake na kuwaandikia waumini kwamba ana mgonjwa, ana safari, ana dharura. Mzee mmoja wa usharika wetu alipoteza fedha za mbegu kwa njia hiyo, akiamini anamsaidia mchungaji wake. Siku iliyofuata nilirekodi video ya dakika moja nikisema kwamba sitaomba fedha kwa njia ya mtandao kwa jambo lolote, kwamba anayeomba kwa jina langu si mimi, na kwamba sadaka za usharika zinapokelewa na mhasibu kwa stakabadhi. Hurudia tangazo hilo kila baada ya miezi mitatu, na ninakushauri ulirekodi lako kabla hujatuma tafakari ya kwanza.

Majibu yanapoanza kuja

Panga siku unazoweza kuzitimiza. Tafakari mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, zinazofika kila mara saa mbili usiku, zinajenga mazoea kwa msikilizaji kuliko saba za wiki ya kwanza na ukimya wa wiki tatu. Kalenda ya kanisa yenye masomo ya kila wiki itakuondolea taabu ya kutafuta andiko usiku wa manane.

Majibu yatakuja kwa ujumbe wa sauti, mara nyingi usiku, na mengine yatakuwa mazito: mtu aliyefiwa, kijana anayesema amechoka kuishi, mke anayepigwa. Usiyajibu hayo hadharani ndani ya kundi. Anayezungumzia kujiua au kupigwa apigiwe simu saa ileile, na atafutwe mtu wa karibu atakayemfikia usiku huo. Kwa mengine nina daftari moja lenye safu tatu: jina, ombi, na tarehe niliyompigia. Asubuhi ya Jumatano na ya Jumamosi nalifungua kabla ya kufungua simu. Walio mbali nawapigia mmoja baada ya mwingine. Walio karibu nagawana na wainjilisti wa mitaa, na jioni ya siku hiyohiyo tunakwenda kupiga hodi.